Maabara mbili, wiki moja, figo zilezile: 1.62 na 104. Nani mkweli?

#1 Mbao_za_Mufindi
Wakuu, heshima mbele. Naomba kueleweshwa, maana hapa nyumbani tumeshaanza kugombana.

Jumatatu nilipima afya kwenye maabara moja binafsi hapa Dar. Sikuwa naumwa, kazini walitaka fomu ijazwe. Majibu: kreatinini 1.62, pembeni wameweka herufi H, yaani iko juu ya kiwango. Potasiamu 6.1, H tena. Vipimo vya ini: AST 71, nayo H. ALT 38, hiyo wameiacha. Aliyenipa karatasi akasema figo zimeanza kufeli, niwahi hospitali.

Ijumaa nikaenda maabara nyingine, nikapima vilevile. Kreatinini 104, hakuna H. Potasiamu 4.4. AST 33, ALT 31.

Nina miaka 44, mwanaume, kilo 86. Presha sina, sukari sina. Mke wangu anashikilia karatasi ya kwanza, mimi nashikilia ya pili. Ipi ya kuamini?

#2 Sioni_Hatari
Mkuu, 1.62 na 104 wapi na wapi? Ya pili ndiyo mbaya, mia na nne hiyo! Hao wamesahau tu kuweka H. Maabara za siku hizi ni biashara, kila mmoja anakupa namba yake.

#3 Sampuli_Safi
#2 taratibu, usimuue mtu kwa kutosoma kipimio. Maabara ya kwanza imeandika miligramu kwa desilita, ya pili maikromoli kwa lita. Ukitaka kuzilinganisha zidisha ya kwanza kwa 88.4. 1.62 inakuwa 143. Kwa hiyo mtoa mada ana 143 Jumatatu na 104 Ijumaa.

Tofauti ipo na ni kubwa, lakini si ile uliyoiona wewe. Nipo maabara ya hospitali ya mkoa, nitarudi na maswali.

#4 Chuma_Morogoro
Mtoa mada, unabeba chuma? Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Mwenye mwili mkubwa anazalisha nyingi, mzee aliyekonda anazalisha kidogo. Na kama unakunywa ule unga wa kreatini wa mazoezi, inapanda hata kama figo ni nzima. Hapa kwetu gym vijana wengi wana H na wanakimbia kilomita kumi.

#5 Mbao_za_Mufindi
@Sampuli_Safi ahsante, hilo la kipimio hakuna aliyenieleza popote.
@Chuma_Morogoro sibebi chuma, nauza mbao. Ila Jumapili lori lilifika vibarua wawili hawajatokea, nikashusha nao mzigo toka asubuhi mpaka alasiri, jua kali. Jioni mbuzi choma na wenzangu. Usiku mgongo ukauma, nikameza diklofenaki.

#6 Sista_Zamu
Kaka, umetaja mambo manne kwenye mistari mitatu na kila moja linatosha kupandisha kreatinini!

Kazi ngumu ya misuli. Jasho bila maji ya kutosha. Nyama nyingi iliyopikwa, maana kreatini ya nyama hugeuka kreatinini jikoni kabla hujaitia mdomoni. Na diklofenaki, ambayo hubana damu inayoingia kwenye figo, hasa kwa mtu aliyekaukiwa na maji. Mimi ningeanzia hapo kwenye diklofenaki na kiu. Figo zilipata mshtuko Jumapili, kufikia Ijumaa zimerudi. Kwa maana hiyo karatasi zote mbili zinasema kweli.

Lakini nina ugomvi na aliyekupa majibu. Potasiamu 6.1 haiachwi mpaka Ijumaa. Hiyo unarudia siku hiyohiyo na unapimwa umeme wa moyo, kwa sababu ikiwa ni ya kweli moyo unaweza kusimama bila kukuaga. Kumwambia mtu "figo zimefeli, wahi" halafu aondoke na bodaboda, hapana kwa kweli.

#7 Sampuli_Safi
Nimerudi. Mtoa mada, nieleze damu ya Jumatatu ilichukuliwaje. Ulifungwa mpira muda gani? Uliambiwa ukunje na kukunjua ngumi? Walitumia nini kutoa? Tyubu zilikuwa na vifuniko vya rangi gani?

#8 Mbao_za_Mufindi
Kijana alitafuta mshipa akakosa, akachomoa, akachoma mkono wa pili. Mpira ulikaa mpaka vidole vikafa ganzi, na ngumi nilikunja kweli, aliniambia nikaze. Alitumia bomba la kawaida na sindano, damu ilikuja kwa shida, povu ndani. Halafu akachoma sindano ileile kwenye kifuniko cha tyubu akasukuma kwa dole gumba mpaka ikaisha. Aliweka ya zambarau kwanza, nyekundu baadaye. Nilikaa mapokezi karibu saa nzima, tyubu zikiwa kwenye kibao pale pale mezani dirishani.

Ijumaa walinichoma mara moja, tyubu ikajaza yenyewe.

#9 Sampuli_Safi
Basi hapo pana kesi nyingine kabisa.

Potasiamu nyingi mwilini imo ndani ya chembe, nje kwenye majimaji ya damu ni kidogo sana. Ukisukuma damu kwa nguvu kupitia tundu la sindano, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga vilivyomo: potasiamu, na vimeng'enya kama AST na LDH. Ngumi na mpira uliokaa muda mrefu vinaongeza potasiamu juu yake. Damu ikizungushwa kwenye mashine ya kutenganisha, seramu, yale majimaji ya damu yanayotakiwa kuwa ya njano ya majani makavu, inatoka na wekundu. Sisi tukiiona hivyo tunakataa sampuli na kumwita mgonjwa tena. Mashine kubwa za kisasa hupima huo wekundu zenyewe na kuandika onyo. Mashine ndogo haina habari, inatoa namba tu.

Halafu zambarau kabla ya nyekundu. Ile zambarau ina dawa ya kuzuia damu kuganda, EDTA, na kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu. Sindano ikigusa humo ikaenda kwenye nyekundu, unampa mgonjwa potasiamu ya kwenye tyubu. Alama yake ni kalsiamu na ALP (kimeng'enya cha ini na mifupa) kushuka pamoja. Ndiyo maana mpangilio wa tyubu unafundishwa mwaka wa kwanza: bluu, nyekundu au njano, kijani, zambarau, kijivu.

Kalsiamu ya Jumatatu ilikuwa ngapi?

#10 Mbao_za_Mufindi
Kalsiamu haimo kwenye karatasi. Hawakupima. ALP pia haimo.

#11 Chuma_Morogoro
Sampuli_Safi umeeleza potasiamu na AST vizuri. Kreatinini je? Chembe nyekundu hazina kreatinini ya kupandisha kutoka 104 hadi 143. Misuli iliyochanika ndiyo inamwaga vyote vitatu kwa pamoja: potasiamu, AST, na kreatinini juu. Mtu ameshusha lori la mbao juani! AST yake imepanda, ALT imebaki. Ingekuwa ini, ALT ingekuwa ya kwanza kupiga kelele. Wangepima CK, kimeng'enya cha misuli, siku ile tungekuwa tumeshamaliza uzi huu.

#12 Sampuli_Safi
CK ingesaidia, hapo nakubali. Ila usiidharau njia ya upimaji. Maabara nyingi zenye bajeti ndogo bado zinapima kreatinini kwa njia ya Jaffe, Mjerumani aliyeielezea mwaka 1886. Unachanganya seramu na asidi ya pikriki kwenye alkali, rangi inageuka chungwa, mashine inasoma rangi. Shida ni kwamba kreatinini si peke yake inayoleta rangi hiyo. Sukari ikiwa juu sana, ketoni za mtu aliyefunga muda mrefu, protini, baadhi ya antibayotiki za jamii ya sefalosporini, vyote vinachungulia humo. Bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, inavuta upande wa pili, inashusha. Njia ya vimeng'enya ni safi zaidi lakini kitendanishi chake, yaani kemikali ya kupimia, ni ghali.

Kama Jumatatu ni Jaffe na Ijumaa ni vimeng'enya, sehemu ya tofauti inaweza kuwa ni hiyo. Si yote.

#13 Mama_Ubungo
Nafuatilia. Ila naomba niwatahadharishe wanaotaka kumtuliza mtoa mada haraka.

Mume wangu alikuwa na kreatinini "ya kawaida" miaka yote. Presha yake haikutulia, miguu ikavimba jioni, mkojo na povu. Kila akipima anaambiwa iko ndani ya kiwango. Siku ilipotoka nje ya kiwango, ilitoka na kasi. Daktari wa figo akanieleza kitu sijakisahau: unaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo na kreatinini bado ikasomeka ndani ya mstari. Hakuna aliyempima mkojo kwa albumini, ile protini inayovuja figo zikiumia, muda wote huo. Mkojo! Kitu cha kukojoa kwenye kikopo.

Leo anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Upandikizaji wa figo Muhimbili ulianza Novemba 2017, Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018, kwa hiyo siku hizi mtu halazimiki kwenda India. Lakini ndugu wa kutoa figo lazima apatikane, na kwetu tunaendelea kutafuta.

#14 Mbao_za_Mufindi
Pole sana dada. Povu sijaliona, ila sasa nitaangalia. Mkojo nitapima.

#15 Kitabu_Mkononi
Pole Mama_Ubungo. Niko mwaka wa nne wa udaktari, Mwanza. Niongeze hesabu.

Kreatinini peke yake haisemi sana, tunaiingiza kwenye fomula pamoja na umri na jinsia tupate eGFR, yaani makadirio ya uchujaji wa figo. Kwa fomula ya CKD-EPI ya 2021, mtoa mada wa Jumatatu ana 53, wa Ijumaa ana 78. Chini ya 60 ndipo tunaanza kusema ugonjwa sugu wa figo, lakini kwa sharti moja: idumu zaidi ya miezi mitatu. Karatasi moja haimfanyi mtu mgonjwa sugu. Hata nne ndani ya mwezi mmoja haziwezi.

Na kuna jambo linanikera. Fomula ya zamani ya 2009 ilikuwa inazidisha kwa 1.159 ukiwa mtu mweusi, kwa dhana iliyotokana na takwimu za Marekani. Damu ileile ya Jumatatu ingetoa 59 badala ya 53. Tafiti zilizofanywa Afrika hazikuunga mkono hilo. Mwaka 2021 Wamarekani wenyewe wameiondoa. Sasa nenda kaangalie mashine na programu ngapi huku kwetu bado zina fomula ya zamani. Kwa mtu aliye mpakani, maana yake unamwambia mzima wakati anazama.

#16 Chuma_Morogoro
Na zote mbili zinadhani misuli ya kila mtu ni sawa. Mbeba mbao na karani wa miaka 44 wanapata fomula moja. Kipimo cha sistatini C hakitegemei sana misuli, kwa nini hatupimi hicho?

#17 Kitabu_Mkononi
Bei, na ni maabara chache zinazo. Halafu nacho kinavurugwa na maradhi ya tezi, steroidi na uvimbe mwilini. Hakuna kipimo kitakatifu mkuu.

#18 Nyanda_za_Juu
Nakazia jingine kuhusu hizo H. Kiwango cha kawaida kinachorwa ili kichukue asilimia 95 ya watu wazima wenye afya. Maana yake mzima mmoja kati ya 20 anaangukia nje kwa kuchorwa hivyo tu. Pima vitu 12 kwa pamoja: kama havitegemeani, uwezekano wa kupata angalau H au L (chini ya kiwango) moja ukiwa mzima kabisa ni kama asilimia 46. Hizi "pima mwili mzima" za maonesho zinazalisha wagonjwa.

Na viwango vyenyewe tumekopa. Kuna utafiti wa viwango vya watu wazima wenye afya wa Mbeya uliochapishwa 2008. Ulikuwapo. Maabara ngapi zimebadilisha karatasi zao? Nyingi zinachapa kile kilichokuja na kijitabu cha kitendanishi.

#19 Sista_Zamu
Kabla hatujasahau, wapo wanaosoma uzi huu kimyakimya wanaotumia ARV. Ukianza vidonge vya TLD, kreatinini inaweza kupanda kidogo wiki za mwanzo kisha ikatulia. Dolutegravir iliyomo ndani yake inazuia mlango mmoja ambao figo hutumia kutoa kreatinini, uchujaji wenyewe haujaguswa. Septrin nayo inafanya hivyohivyo. Ila humohumo ndani ya TLD kuna tenofovir, ambayo mara chache inaumiza figo kweli. Kwa hiyo usiache dawa kwa sababu ya H, na usiidharau. Peleka karatasi kliniki yako, waangalie inaendelea kupanda au imetulia.

#20 Sioni_Hatari
Nimejifunza la kipimio, shukrani #3. Lakini mbona hamtaji tiba? Kuna majani fulani yanachemshwa pamoja na mbegu za papai, yanasafisha figo na ini kwa siku 14. Jirani yangu alikuwa na ini limechoka, sasa anadunda.

#21 Ndugu_wa_Likoni
Bwana Sioni_Hatari, wacha. Nasema kwa uchungu. Niko Mombasa. Kakangu ana homa ya ini B. Alikuwa apima ALT kila baada ya muda, yatoka sawa, 30 na kitu, akajiona mzima. Akaongeza dawa za mizizi za kusafisha, chupa kwa chupa. Macho yakaja manjano kama binzari, tumbo likajaa maji. Kumbe ini lilikuwa lishapata makovu kitambo. ALT hutoka kwenye seli za ini zinapoumia. Ini lililobaki makovu halina seli nyingi za kuumia, kwa hivyo namba yaweza kuwa nzuri na ini limekwisha.

Daktari alituonyesha alipopaswa kuangalia mwanzo: albumini ilikuwa chini, na damu yake yachelewa kuganda, INR juu. Hizo ndizo kazi ini lafanya. ALT na AST ni habari za ajali, si habari za kazi. Na tusisahau sumukuvu ya mahindi, mwaka 2004 huku Ukambani watu 125 walikufa kwa ini.

#22 Sampuli_Safi
Pole sana ndugu. Umesema vyema. Niongeze tu kwamba albumini inakaa damuni kama wiki tatu kabla ya kupungua nusu, kwa hiyo ini likifeli ghafla albumini itaendelea kuonekana nzuri kwa siku kadhaa. INR inakimbia mbele yake.

#23 Zamaradi_T
Mimi nimekuja kwa ajili ya moyo, kwenye kichwa cha habari sikuona lakini mmetaja AST. Kweli AST ilikuwa kipimo cha moyo?

#24 Kitabu_Mkononi
Ndiyo. Mwaka 1954 watafiti wa New York walionyesha AST, wakati huo ikiitwa SGOT, inapanda baada ya shambulio la moyo. Ndicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza cha kazi hiyo. Shida ikawa ileile tunayobishania hapa: imo pia kwenye ini, misuli na chembe nyekundu. Leo tunapima troponini, protini ya msuli wa moyo.

#25 Zamaradi_T
Nauliza kwa sababu baba mdogo alishikwa na kifua usiku, tukamkimbiza hospitali moja. Troponini safi, wakampa dawa ya tumbo, turudi nyumbani. Asubuhi akazidiwa, hospitali nyingine wakapima, ipo juu mno. Kipimo cha kwanza kilikuwa kibovu?

#26 Sista_Zamu
Si lazima. Maumivu yalianza saa ngapi na damu ilitolewa saa ngapi? Troponini inahitaji kama saa tatu au nne tangu msuli wa moyo uanze kufa ndipo ionekane kwa vipimo vya kawaida. Ukiwahi sana, inatoka safi. Ndiyo maana inarudiwa, na tunatafuta mwendo: imepanda, imeshuka, au imekaa palepale? Kifua cha usiku na troponini moja, bila kurudia na bila umeme wa moyo kurudiwa, si sababu ya kumruhusu mtu. Na kinyume chake, wagonjwa wa kusafisha damu kama mume wa Mama_Ubungo mara nyingi wana troponini ya juu kila siku bila shambulio. Kwao ni mwendo tu unaosema.

#27 Sampuli_Safi
Na kina dada wanaomeza biotini ya nywele na kucha kwa dozi kubwa, mwambieni mtoa damu. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari 2017: kwenye baadhi ya mashine biotini inashusha troponini kwa uongo.

#28 Zamaradi_T
Kilianza saa tano usiku, tulifika kabla ya saa sita. Hawakurudia. Baba mdogo yupo, moyo umedhoofika. Ahsanteni.

#29 Mbao_za_Mufindi
Nimesoma yote na mke wangu. Nitarudia baada ya wiki mbili, bila kubeba mbao, bila nyama usiku wake, bila diklofenaki. Nipime nini hasa?

#30 Sampuli_Safi
Maabara ileile ya Ijumaa, usihame tena, ili ulinganishe namba na ndugu yake. Kreatinini, potasiamu, na mkojo wa asubuhi kwa uwiano wa albumini na kreatinini. Pima presha na sukari pia, "sina" ya kudhani haitoshi. Mimi bado nasema kosa kubwa la Jumatatu ni bomba na sindano.

#31 Chuma_Morogoro
Na mimi bado nasema misuli. Ongeza CK mkuu.

#32 Sista_Zamu
Diklofenaki na kiu. Nimeona wengi zamu ya usiku.

#33 Mama_wa_Iringa
Samahani kuingilia. Mwanangu ana miaka 13, ALP 310 na H kubwa, ALT na bilirubini kawaida. Nimeambiwa ini. Nilie?

#34 Sampuli_Safi
Dada, karatasi imetumia kiwango cha watu wazima. ALP inatoka pia kwenye mifupa inayokua, na umri huo ndio inapanda zaidi. Kama ALT, bilirubini na GGT (kimeng'enya kingine cha ini) ni sawa na mtoto anacheza, rudi uombe kiwango cha umri wake. Amerefuka mwaka huu?

#35 Mama_wa_Iringa
Suruali za shule nimebadilisha zote.

#36 Sampuli_Safi
Haya. GGT bado ipimwe.